Kumsuuza Mzee Chumvi

Mtu akikwambia Mzee Chumvi alikuwa mwongo, mkatalie. Mwongo hukuficha ukweli. Mzee Chumvi ukweli alikupa wote, ila aliunenepesha kidogo njiani usije ukafika umekonda. Miaka thelathini na mitatu alitunza boila la kiwanda cha nguo, na kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kukalia vali ya mvuke iliyofyatuka siku mbili nzima, akila na kusinzia hapohapo, mpaka mafundi walipofika na spana.

Marehemu mkewe ndiye aliyeivumbua dawa. Samaki wa chumvi huwezi kumtia chunguni hivihivi, lazima umsuuze kwanza. Basi na mumewe alimsuuza. Kila namba iliyotoka kinywani mwa mzee, mama aliitoa theluthi. Mzee akisema wanakuja wageni kumi na watano, mama anapikia kumi, na watu wanashiba. Zile siku mbili za vali zikasuuzwa zikabaki siku moja na saa nane, bado uongo, lakini uongo unaomezeka. Watoto wakakua na hesabu hiyo kama wengine wanavyokua na jedwali la kuzidisha. "Umemsuuza?" ndiyo lililokuwa swali la nyumba ile, na mzee mwenyewe alikuwa anacheka.

Alipostaafu hakukaa kuota jua. Watu walimletea kompyuta zilizokufa, akazifungua na kuzifunga mpaka nyingine zikafufuka kwa kumwonea huruma. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Katika chumba kilichokuwa stoo akamuundia binti yake mashine ya kuchorea filamu, na ndani yake akaweka kadi ya michoro iliyo nene kama tofali, yenye feni tatu. Binti huyo walimwita Kalamu, kwa sababu ukutani mwa nyumba hiyo hapakuwa na mahali ambapo hakuwahi kuchora.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, Kalamu alitoka stoo mikono kichwani.

"Baba, mwavuli hauna mpini."

"Mwavuli upi tena?"

"Wa kwenye filamu! Unaelea hewani. Nimetazama mara mia sijauona, leo nafunga mzigo niutume, ndiyo nauona!"

Filamu hiyo alikuwa ameihangaikia miaka miwili. Ilikuwa ya dakika sita, juu ya mzee muuza miavuli ambaye mwenyewe kila siku ananyeshewa, na mwishoni, kwa mara ya kwanza, anajifungulia mmoja. Mashindano aliyoiandalia yalikuwa yanafunga mlango saa tisa kamili alasiri. Mara mbili alikuwa ameshajaribu huko kwa filamu nyingine, mara mbili akatolewa. Safari hii mmoja wa waamuzi alikuwa ameona kipande akamwandikia mstari mmoja tu: tuletee mwisho wake. Kalamu alikuwa ameuchapa mstari ule na kuubandika juu ya skrini.

Na mwisho wake sasa ulikuwa na mwavuli usio na mpini.

Mpini aliuchora kwa dakika tano. Kazi ilikuwa kuzipika upya picha mia tatu za tukio hilo, moja baada ya moja, kila tone la mvua na kivuli chake. Wakakaa wakapiga hesabu. Kwa kasi iliyotoka nayo kiwandani ilikotengenezwa, kadi ilitumia sekunde hamsini na sita kwa picha. Mia tatu ni saa nne na dakika arobaini. Ukitoa nusu saa ya kuunganisha na kutuma, walikuwa na saa nne na dakika ishirini.

"Dakika ishirini zinapungua," Kalamu alisema. "Picha ishirini na moja. Na mwavuli unafunguka kwenye ishirini za mwisho."

"Si ukate za katikati?"

"Kamera inakwenda moja kwa moja, baba. Nikikata katikati mzee wa watu ataruka kama chura. Nikipunguza ubora, mvua inakuwa mchanga."

"Basi tuikimbize kadi," mzee alisema, na jicho likamng'aa. "Kiwandani wanaifunga breki. Mimi nimeshaikimbiza. Megahezi mia mbili na hamsini juu ya kasi yake, saa nane mfululizo, haikupiga hata chafya."

Kalamu hakuuliza. Midomo ilicheza kidogo, akamsuuza, akaketi kwenye kiti na kuandika mia moja sitini na tano.

Hapo ndipo mzee alipohisi kijasho cha kwanza. Kwa maana ukweli, ule usio na hata punje, ni kwamba aliwahi kuifikisha tisini, kwa dakika kumi, akaogopa akaizima. Namba hiyo chumvi yake haikuwa theluthi. Theluthi ilikuwa ya wageni na viazi. Lakini kinywa kilichokwisha kusema ni kigumu kurudi nyuma, na binti alikuwa ameshabonyeza.

Feni zikapanda sauti. Picha ya kwanza ikatoka kwa sekunde arobaini na tisa. Ya pili hivyohivyo. Kalamu akatabasamu, akabeba kompyuta yake ndogo akaenda sebuleni kuanza kuunganisha zilizo tayari, vipokea sauti masikioni. Kutoka kule aliweza kuiona mashine na kuiamuru kupitia mtandao wa nyumbani. Mzee alibaki stoo na mashine iliyofunuliwa ubavu, kama alivyokaa na boila.

Picha ya sita ikatoka. Ya saba ilipofika katikati, skrini ikawa nyeusi.

"Baba!"

"Nimeona!"

Dakika nne zilikwenda kuiwasha tena na kuifungua kazi pale ilipoishia. Dakika nne si kitu, lakini zihesabu ukiwa huna hata moja.

"Nimetoa theluthi yako, baba, imeanguka vipi?" Kalamu alikuwa mlangoni.

Mzee aliangalia feni. "Joto la leo," alisema. Kisha akaongeza: "Toa zaidi. Weka mia na ishirini."

"Mia na ishirini baada ya kusuuza, au kabla?"

"Iliyosuuzwa, mama. Iandike ilivyo."

Ikatulia. Sekunde hamsini na moja. Mzee akachukua penseli akapiga hesabu juu ya boksi la viatu: kwa mwendo huo wangemaliza saa nane na nusu juu ya alama. Si dakika ya kupoteza, lakini zilitosha.

Kwenye picha ya arobaini akahisi jambo. Skrini ilikuwa safi, haijaganda, haina vidoa, lakini mtu aliyeishi na mashine husikia pumzi yake. Akatoa saa yake ya mkononi, akapima. Hamsini na nne. Akapima nyingine. Hamsini na nne.

"Umeigusa?" akapaza sauti.

"Nimeongeza kasi ya kumbukumbu kidogo!" Kalamu akajibu toka sebuleni. "Ili tupate akiba!"

"Rudisha!"

"Mbona haijaanguka?"

"Haijaanguka kwa sababu ina adabu! Inakosea, inafuta, inaandika upya kimyakimya, kama karani anayeogopa bosi. Unaona anaandika kwa kasi, kumbe ukurasa ni uleule. Tazama muda, usitazame namba!"

Baada ya picha moja: "Hamsini na moja tena. Haya, baba, hapo umenifunga goli."

Mzee alijipapasa kifua. Kama mkewe angekuwepo, hata yeye angekubali goli hilo bila kulisuuza.

Mchana ukaingia. Hawakula. Kalamu alikunywa maji kwa kopo la penseli bila kutambua. Mia na hamsini. Mia na themanini. Kwenye karatasi ya boksi mzee alipiga mstari kila picha kumi, na kila mstari ulipokaa mahali pake alishusha pumzi kidogo tu, asije akaishtua mashine.

Kwenye picha ya mia mbili alisikia harufu.

Haikuwa moshi. Ilikuwa harufu ya pasi iliyosahaulika juu ya kitambaa, ile ambayo mtu wa kiwanda cha nguo huitambua hata akiwa usingizini. Akainuka. Skrini ilionyesha joto la kadi, nyuzi sitini na sita, mambo shwari. Akachukua kipimajoto chake chenye umbo la bastola, alichoondoka nacho kiwandani kama kumbukumbu, akaanza kukielekeza sehemu moja moja. Kadi, shwari. Feni, shwari. Akafuata waya wa umeme unaolisha kadi, toka juu mpaka chini, pale ulipochomekwa kwenye pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme.

Sabini na moja.

Akautazama waya ule vizuri. Kadi ilikuwa na matundu mawili ya umeme. Ilitakiwa waya mbili. Yeye mwenyewe, siku alipoiunda, aliona waya mmoja wenye vichwa viwili unatosha, na unapendeza, hauleti fujo ndani ya sanduku. Mtu aliyetunza boila miaka thelathini na mitatu! Asiyejua kwamba bomba moja ukilichanua matawi mawili, mvuke haujawa maradufu, ni nani, kama si mwanafunzi wa siku ya kwanza? Kwa kasi ya kawaida waya ule ulivumilia. Leo walikuwa wameunyonga tangu saa nne.

"Kalamu! Plagi ya chini ina sabini na moja!"

"Nimesikia!" Sauti ilikuwa ya mtu mwenye kazi. Sebuleni, sabini na moja ilisuuzwa ikawa arobaini na saba, joto la kikombe cha chai kilichosahaulika.

Picha ya mia mbili na kumi. Akapima. Themanini na nne.

"Themanini na nne, mwanangu! Inapanda!"

"Sawa, baba, ikifika pabaya niambie!"

Mzee alisimama na bastola yake mkononi. Ndipo alipoelewa. Alikuwa anasema kweli, neno kwa neno, kama shahidi mbele ya hakimu, na kweli yake ilikuwa inakatwa theluthi kabla haijafika sebuleni.

Mia mbili na ishirini na tano. Tisini na nane. Plastiki nyeupe ya plagi ilikuwa imeanza kupata rangi ya njano pembeni. Akaacha mashine, akaenda mpaka mlango wa sebule.

"Kalamu. Tisini na nane."

Binti alisogeza kipokea sauti kimoja, macho bado kwenye kazi. "Mimi huku naona sitini na sita, baba. Inalingana kabisa." Na ilikuwa inalingana! Theluthi mbili za tisini na nane ni sitini na tano na ushei. Shetani mwenyewe asingeipanga vizuri zaidi.

"Hiyo unayoiona ni ya kadi. Mimi nasema plagi. Tisini na nane kweli."

"Kweli yako naijua."

"Haki ya Mungu."

"Hata ya kukalia vali uliapa, baba. Zimebaki sabini na kitu, niache nimalize, tafadhali."

Mzee alirudi stoo karibu anakimbia. Mia moja na tatu. Akili ya mtu aliyebanwa hufanya vituko. Akashika penseli, akapiga hesabu kwa kurudi nyuma. Ili asikie mia moja, niseme ngapi? Mia moja na hamsini. Akavuta pumzi.

"Mia moja na hamsini!"

Kutoka sebuleni kikaja kicheko, kicheko chema kabisa, cha mtoto anayempenda baba yake. "Hapo sasa umepitiliza! Ingekuwa imeshayeyuka!"

Kweli ilikuwa ndogo, uongo ulikuwa mkubwa, na katikati hapakuwa na mlango. Mia mbili na thelathini na moja ikatoka. Plagi ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayekata kucha. Kama ingelipuka hapo, ingekwenda na pawasaplai, pengine na kadi, pengine na diski yenye miaka miwili ya binti yake. Kama angezima, angekuwa baba aliyemuulia mwanawe filamu ikiwa imebaki hatua moja.

Alitoboa karatasi kwa penseli bila kujua. Kisha akainama, akaishika swichi ya ukutani, akaizima.

Feni zikasimama. Halafu kiti cha sebuleni kikaanguka.

"Baba, umefanya nini? Baba!" Kalamu aliingia na uso ambao mzee hakuwahi kuuona kwake, hata siku ya msiba. "Sitini na tisa! Zimebaki sitini na tisa! Umezima?"

"Nimezima."

"Miaka miwili, baba! Kwa sababu ya... kwa sababu ya namba zako?"

Mzee alishika mkono wa binti yake kwa kiganja, akaupeleka karibu na plagi, bila kugusa. Kalamu aliurudisha mkono haraka. Akainama. Akaona plastiki iliyokuwa nyeupe, sasa kahawia kama mkate, ubavu mmoja umelegea na kushikana na tundu lake. Harufu ikamfikia sasa, kana kwamba pua nayo ilikuwa imevaa vipokea sauti.

"Waya niliuweka mimi," mzee alisema. "Mmoja, badala ya mbili. Kosa langu hilo. Na mia mbili na hamsini haikuwahi kuwepo. Niliifikisha tisini, dakika kumi. Nikaogopa nikazima."

"Tisini."

"Tisini. Na tisini na nane ilikuwa tisini na nane."

Kalamu aliinua macho. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika thelathini na mbili.

"Tuna waya nyingine?" aliuliza.

"Zipo mbili. Kwenye boksi la vikorokoro. Na pawasaplai ina matundu mengine mawili, mazima."

"Ngapi, baba? Dakika ngapi kuzifunga?"

"Kumi."

Kalamu alimkazia macho, akitafuta chumvi. Mzee akayapokea macho yale bila kupepesa.

"Kumi," akarudia Kalamu.

Wakapiga magoti wote wawili. Boksi likamwagwa sakafuni: skrubu, vipande vya kamba, chaja zisizo na simu. Waya zilipatikana zimefungia bando la magazeti. Vidole vya mzee vilikuwa vinene mno kwa kibano cha plagi; Kalamu akavisogeza pembeni taratibu, akabana mwenyewe, na mzee akamulika tochi. Plagi iliyoungua waliiacha imeng'ang'ania tundu lake, wakakata waya wake kwa mkasi wakaufunga kwa utepe wa umeme. Waya mbili mpya, matundu mawili safi. Saa saba na dakika arobaini na mbili, feni zikazunguka.

"Kasi ya kiwandani," mzee alisema. "Sifuri juu yake. Ukiniruhusu nishauri."

"Zinatoka ngapi kwa sifuri?"

"Nikikupa mpaka dakika sita baada ya saa nane na nusu, zinatoka hamsini na nane. Utakosa kumi na moja."

Kalamu alihesabu mwenyewe kwenye ukingo wa meza, kwa kidole, bila penseli. Akapata kumi na moja. Akaweka sifuri.

Dakika hamsini na nne zile mzee alikaa na bastola yake akipima plagi kila picha, akitaja namba kwa sauti ya chini, na kutoka sebuleni kila namba ilirudishiwa kama ilivyokwenda. "Arobaini na nne." "Arobaini na nne." "Arobaini na tano." "Arobaini na tano." Hakuna aliyecheka.

Saa nane na dakika thelathini na sita wakasimamisha. Picha ya mwisho iliyotoka ilionyesha muuza miavuli, mkono juu, mwavuli umefunguka nusu, mbavu zake zimejitokeza kama popo anayeamka. Kalamu aliitazama kwa muda ambao hakuwa nao. Kisha akaiunganisha, akaiacha sauti ya mvua iendelee juu ya picha hiyo iliyotulia, akatuma. Mstari wa kutuma ukatambaa. Ukakwama kwenye tisini na moja, saa nane na dakika hamsini na mbili. Mzee alisimama nyuma ya kiti chake. Tisini na tano. Tisini na nane. Saa nane na dakika hamsini na sita, dirisha likabadilika, likatoka neno moja: imepokelewa.

Kalamu aliweka paji la uso juu ya meza. Mabega yakamtikisika, na mzee hakujua kama ni kicheko au kilio, akahofia kuuliza.

"Nusu sekunde," alisema mwishowe, kumfariji. "Picha kumi na moja ni nusu sekunde tu, mama. Nani ataiona?"

"Mimi." Aliinua uso, ukiwa na alama ya ukingo wa meza. "Wao waliomba mwisho. Nimewapa nusu yake."

"Ndiyo," mzee alisema. "Nusu."

Nje mtu alikuwa anaita mtu mwingine, akaacha. Kisha Kalamu akasimama, akaingia stoo, na baba yake akamfuata kwa hatua ya mtu asiyejua kama amealikwa. Alimkuta amekaa mbele ya mashine, kipanya mkononi.

"Unafanya nini? Mlango wao umefungwa."

"Wao wamefunga. Mimi huyu mzee siwezi kumwacha hivyo, mkono juu, analowa." Akachagua kumi na moja zilizobaki, moja moja, akabonyeza. "Kaa, baba. Pole pole tu. Hatuna haraka."

Mzee Chumvi akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Feni zikapata mwendo wao wa kawaida. Sekunde hamsini na sita baadaye, ubavu mmoja wa mwavuli ulisogea.